Kusoma Baiolojia ya Ngazi ya Juu ya Sekondari na Kujiandaa kwa Mtihani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila mtihani unapokaribia. Nimeyapa namba ili jibu moja liweze kukuelekeza kwa jingine. Huhitaji kuyasoma kwa mpangilio, ila kama ndiyo kwanza unaanza somo hili, anza na sehemu ya kwanza.

## Kabla hujafungua kitabu

1. Baiolojia ya ngazi hii ina tofauti gani na ile niliyosoma miaka ya mwanzo ya sekondari?

Kule ulitakiwa kujua kitu ni nini. Huku unatakiwa kujua kinafanyaje kazi, na nini kitatokea kikiharibika.

Miaka ya mwanzo ilitosha kuandika kwamba mitokondria huzalisha nishati ya seli. Sasa utakutana na swali la namna hii: kuna kemikali inayoufanya utando wa ndani wa mitokondria uvujishe ioni za haidrojeni, oksijeni inaendelea kutumika kama kawaida, lakini ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, inayotengenezwa ni kidogo sana. Eleza. Aliyemeza ile sentensi ya mwanzo anakwama hapo. Anayejua kwamba mnyororo wa elektroni (protini za utando zinazopokezana elektroni) husukuma ioni hizo zijazane upande mmoja wa utando, na kwamba ATP hutengenezwa zinaporudi kupitia kimeng'enya maalumu, analiona jibu: zikipata njia nyingine ya kurudi, hakuna msukumo wa kutosha wa kukiendesha kimeng'enya hicho, na nishati inapotea kama joto. Hakufundishwa kemikali hiyo darasani, wala hakuhitaji kufundishwa.

2. Si kweli kwamba baiolojia ni kukariri tu?

Kukariri kupo, tena kwingi. Lakini kinachokaririwa ni matofali, na mtihani unakuomba ukuta. Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni kuchukua jambo moja na kujiuliza "kwa hiyo?" mpaka uishiwe.

Chukua selimundu. Herufi moja ya DNA katika jeni ya hemoglobini imebadilika. Kwa hiyo? Katika mnyororo wa beta, asidi amino ya sita inakuwa valini badala ya asidi ya glutamiki. Kwa hiyo? Valini haipendani na maji, hivyo molekuli za hemoglobini zisizobeba oksijeni hunatana zikawa nyuzi ndefu. Kwa hiyo? Seli nyekundu inapinda kama mundu na kuziba mishipa midogo, na tishu zilizo mbele zinakosa oksijeni. Na bado: mwenye aleli (toleo la jeni) moja tu ya aina hiyo ana kinga fulani dhidi ya malaria kali, kwa hiyo aleli hiyo imebaki kwa wingi pale malaria ilipokuwa nyingi. Umepita kwenye jeni, protini, mzunguko wa damu na uchaguzi asilia kwa pumzi moja. Ukiweza kufanya hivi kwa mada kumi, umeshalielewa somo.

3. Kemia yangu ni dhaifu. Nitaweza?

Utaweza, mradi uzibe mapengo machache: kwa nini molekuli ya maji ina upande wenye chaji chanya kidogo na upande wenye chaji hasi kidogo, vifungo vya haidrojeni, maana ya pH, na maana ya kupoteza au kupokea elektroni. Jua pia kwamba molekuli kubwa huungwa kwa kutoa maji na huvunjwa kwa kutumia maji. Kazi ya wiki moja hiyo. Usiiruke, kwa sababu umbo la protini, utando na DNA vyote vimesimama juu yake.

4. Nianze na mada ipi?

Molekuli za uhai, kisha seli, utando na vimeng'enya. Baada ya hapo usanisinuru na upumuaji wa seli, halafu DNA hadi protini, urithi, na mageuzi. Mifumo ya mwili ije baada ya utando, maana ujumbe wa neva si kitu kingine ila ioni zinazovuka utando. Ikolojia unaweza kuisoma wakati wowote, lakini usiiachie wiki ya mwisho kwa kuiona rahisi. Huko ndiko wengi wanakoangusha alama za bure.

## Kusoma kwa kila siku

5. Nasoma sana, napaka mistari kwa kalamu za rangi, lakini kwenye jaribio sikumbuki kitu. Tatizo nini?

Tatizo ni kwamba kusoma tena kunakupa hisia ya kujua. Ukurasa unaufahamu kwa macho, kama sura ya mtu unayepishana naye kila siku bila kumjua jina.

Mwaka 2006 watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilinganisha wanafunzi waliorudia kusoma kifungu na wale waliokisoma kisha wakajipima kwa kuandika wanachokumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yakageuka: waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Mtihani wako hauko dakika tano baada ya kusoma.

Kwa hiyo soma kurasa mbili au tatu, funga kitabu, chukua karatasi tupu, andika na chora kila unachokumbuka. Fungua tena, na kwa kalamu ya rangi nyingine ongeza ulichosahau. Hapo rangi ina kazi: inakuonyesha pengo lako liko wapi. Rudia karatasi hiyohiyo kesho yake, kisha baada ya siku tatu nne, kisha baada ya wiki mbili. Mara ya kwanza itakuuma, kwa sababu karatasi itabaki nyeupe. Endelea.

6. Istilahi ni nyingi mno. Nazishikaje?

Zipasue. Nyingi zimeungwa kutoka vipande vilevile vya Kigiriki na Kilatini. "Lisisi" ni kuvunjika: haidrolisisi ni kuvunja kwa maji, glaikolisisi ni kuvunja sukari, hemolisisi ni kupasuka kwa seli nyekundu za damu. Vipande thelathini hivi vitakufungulia mamia ya maneno.

Zaidi ya hapo, usiandike kadi yenye neno upande mmoja na maana upande wa pili basi. Andika swali linalodai uhusiano: "Kwa nini kimeng'enya kilichobadilika umbo kwa joto hakirudi kufanya kazi hata kikipozwa?"

7. Usanisinuru na upumuaji wa seli vinanichanganya. Nivitofautishe vipi?

Acha kwanza hatua zote, ufuate atomi. Uzito wa mti unatoka wapi? Katika karne ya 17 Jan Baptist van Helmont alipanda mche wenye uzito wa kilo 2 na kitu ndani ya kilo 90 hivi za udongo mkavu, akaumwagilia maji kwa miaka mitano. Mti ukafika karibu kilo 77, na udongo ulikuwa umepungua gramu 57 tu. Akahitimisha kwamba mti wote ni maji. Alikosea kwa sababu hakuihesabu hewa: kaboni ya mti hutoka kwenye kaboni dioksidi. Ukilielewa kosa lake hutasahau tena kazi ya mzunguko wa Calvin, yaani hatua za usanisinuru zinazogeuza kaboni dioksidi kuwa sukari.

Sasa fuata oksijeni. Ile inayotoka kwenye jani inatokana na maji, wala si kaboni dioksidi. Mwaka 1941 Samuel Ruben, Martin Kamen na wenzao walilithibitisha hilo kwa kuwapa mwani maji yenye oksijeni nzito na kuangalia oksijeni hiyo inaibukia wapi. Na oksijeni unayovuta wewe inaishia wapi? Kwenye maji pia, mwisho wa mnyororo wa elektroni ndani ya mitokondria. Kaboni dioksidi unayotoa ilitoka kwenye chakula. Chora michakato hiyo miwili kwenye karatasi moja, kloroplasti kushoto na mitokondria kulia, na mishale ya atomi ikivuka katikati.

Kisha tazama inavyofanana: kote elektroni hupita kwenye utando, kote ioni za haidrojeni hujazana upande mmoja, kote zinaporudi hutengeneza ATP. Mashine moja, nyumba mbili. Kosa ninalolikuta kila mara ni kuandika kwamba mimea hufanya usanisinuru mchana na upumuaji usiku. Mmea hupumua saa zote. Mchana usanisinuru huufunika upumuaji huo tu.

8. Na mitosisi na meiosisi?

Hesabu, usikariri picha. Seli ya binadamu ina kromosomu 46. Baada ya DNA kunakiliwa bado ni 46, ila kila moja ina kromatidi mbili (nakala mbili zilizoshikana), jumla 92. Mitosisi hutenganisha kromatidi: seli mbili, kila moja 46. Meiosisi ya kwanza hutenganisha jozi, yaani kromosomu ya baba na mwenzake ya mama: kila seli inabaki na 23, bado zina kromatidi mbili mbili. Meiosisi ya pili ndiyo hutenganisha kromatidi.

Ukipewa mchoro, jiulize: kromosomu zimepangana katikati moja moja, au jozi kwa jozi? Jozi kwa jozi ni meiosisi ya kwanza. Na kwa kuwa kila jozi hujipanga bila kujali nyingine, mpangilio huo peke yake unaweza kutoa michanganyiko 2²³, zaidi ya milioni 8, kabla hata ya kuhesabu kubadilishana vipande.

## Hesabu, grafu na majaribio

9. Kuna hesabu za aina gani?

Asilimia, wastani, kasi ya mmenyuko, uwiano wa eneo kwa ujazo, ukuzaji wa picha, uwezekano katika urithi, na takwimu nyepesi. Hesabu zenyewe ni ndogo. Kinachoumiza ni vipimo. Kwa mfano, kitu kina urefu wa milimita 45 kwenye picha iliyokuzwa mara 9,000. Badili kwanza: milimita 45 ni mikromita 45,000. Gawanya kwa 9,000, unapata mikromita 5. Ukiona jibu lako linasema bakteria ana sentimita tatu, rudi nyuma.

10. Kanuni ya Hardy na Weinberg naitumiaje?

Kanuni yenyewe ni p² + 2pq + q² = 1, p ikiwa sehemu ya aleli tawala na q sehemu ya aleli fichu, ile isiyojionyesha mpaka ziwe mbili. Hatua ngumu ni kujua pa kuingilia. Ingia kwa wale wenye aleli fichu mbili, kwa sababu ndio pekee unaoweza kuwatambua kwa kuwaona. Tuseme hali fulani ya aleli fichu humpata mtu 1 kati ya 10,000. Hiyo ni q², yaani 0.0001. Kipeuo cha pili chake, q, ni 0.01. Basi p ni 0.99, na wabebaji, 2pq, ni 0.0198: karibu mtu 1 kati ya 50. Tulia hapo kidogo. Mgonjwa mmoja kati ya elfu kumi, lakini mbebaji mmoja kati ya hamsini. Ndiyo maana aleli fichu yenye madhara haifutiki upesi.

Kosa la kawaida ni kuichukua 0.0001 ukaiita q. Kosa la pili ni kusahau masharti: idadi kubwa ya viumbe, kupandana bila kuchagua, hakuna mabadiliko mapya ya jeni, hakuna kuhama, hakuna uchaguzi asilia. Swali la maelezo mara nyingi huuliza ni sharti lipi limevunjwa.

11. Jaribio la kai-skwea linanitisha. Linapima nini hasa?

Linauliza: tofauti kati ya nilichotegemea na nilichopata inaweza kuwa ya bahati tu? Tumia takwimu za Gregor Mendel mwenyewe. Alipata mbegu za mbaazi 5,474 za mviringo na 1,850 zenye mikunjo, jumla 7,324. Kwa uwiano wa 3 kwa 1 tungetegemea 5,493 na 1,831. Tofauti ni 19 kila upande. Mraba wake ni 361. Ugawanye kwa 5,493 kisha kwa 1,831, ujumlishe: karibu 0.26. Kiwango cha kulinganisha kwa makundi mawili, kwenye uwezekano wa 0.05, ni 3.84. Thamani yetu iko chini sana, kwa hiyo hatuna sababu ya kuukataa uwiano wa 3 kwa 1.

Zingatia maneno: "hatuna sababu ya kuukataa". Ukiandika "imethibitishwa" unaweza kupoteza alama. Na tumia idadi halisi siku zote, kamwe si asilimia.

12. Nikiambiwa nibuni jaribio, niandike nini?

Kigeu unachobadilisha, na kwa viwango vipi (angalau vitano). Kigeu unachopima, na kwa kifaa gani. Vigeu unavyovidhibiti, na unavidhibiti vipi: "nitadhibiti joto" haitoshi, sema "mirija itakaa kwenye beseni la maji la nyuzi 30 kwa dakika tano kabla ya kuchanganya". Kundi la kulinganishia, kama mrija wenye kimeng'enya kilichochemshwa. Kisha kurudia, na kutafuta wastani.

13. Kwenye grafu nakosea wapi?

Wengi huchanganya kuelezea umbo na kueleza sababu. Swali likitaka umbo, taja mwelekeo, pale unapogeuka, na namba mbili kutoka kwenye grafu pamoja na vipimo vyake. Likitaka sababu, ndipo uingize baiolojia. Mstari ukilala, jiulize ni kitu gani kimekuwa kikomo kipya.

## Ndani ya chumba cha mtihani

14. Nilijua jibu kabisa, lakini alama sikupata. Kwa nini?

Kwa sababu uliandika jina la mchakato badala ya mchakato. Tazama mfano huu. Swali: kipande cha kiazi kilichowekwa kwenye myeyusho mzito wa sukari kilipungua uzito, eleza, alama 3. Mwanafunzi anaandika: "Kwa sababu ya osmosisi maji yalienda kwenye sukari." Anaijua hoja, hilo halina shaka, lakini msahihishaji anaona alama moja tu.

Jibu kamili: "Potenshali ya maji ndani ya seli za kiazi ilikuwa juu kuliko ya myeyusho wa nje. Hivyo maji yaliyotoka yalikuwa mengi kuliko yaliyoingia, kwa osmosisi, kupitia utando unaopitisha baadhi ya vitu tu. Seli zikapoteza maji na uzito ukapungua." Umeongeza mstari mmoja na nusu. Hesabu alama zilizo mwisho wa swali, na uhakikishe kila alama ina hoja yake.

15. Maneno ya amri yana uzito gani?

Mkubwa. "Taja" ni neno au mstari mmoja. "Elezea" ni kinachotokea. "Eleza kwa nini" ni sababu. "Linganisha" hudai vitu viwili ndani ya sentensi ileile. Ukiandika aya juu ya mishipa ya ateri na nyingine juu ya vena bila kuzikutanisha, hujalinganisha. "Pendekeza" maana yake huenda hukufundishwa: tumia unachojua, kama kwenye swali la 1.

16. Kwenye mageuzi naandika ukurasa mzima napata alama mbili. Nifanyeje?

Huenda unaandika kwamba bakteria "walizoea dawa" au "walibadilika ili waishi". Hakuna bakteria anayejibadilisha kwa kutaka. Fuata mtiririko huu: tofauti zilikuwepo tayari kutokana na mabadiliko ya jeni yanayotokea bila mpango, dawa ikawaua wasio na aleli ya usugu, wenye nayo wakaishi na kuzaliana, wakairithisha, kwa vizazi vingi sehemu ya wenye aleli hiyo ikaongezeka. Kinachobadilika ni kundi, si kiumbe mmoja.

17. Maswali ya kuchagua nayajibuje?

Funika majibu, jibu kichwani, kisha utafute jibu lako. Ukisoma chaguo kwanza, chaguo zuri lisilo sahihi litakuteka. Kama maelekezo hayasemi kwamba jibu baya hukatwa alama, usiache pengo hata moja.

18. Muda hunishinda. Nifanye nini?

Piga hesabu kabla. Karatasi ya dakika 120 yenye alama 100: toa dakika 10 za kupitia, zinabaki 110. Swali la alama 4 lina dakika nne na nusu hivi. Likizidi hapo, weka alama pembeni uende mbele.

19. Mitihani iliyopita nianze kuifanya lini?

Mapema, mada kwa mada, mara tu unapomaliza kila mada. Karatasi nzima kwa saa ziachie miezi miwili ya mwisho. Sahihisha mwenyewe kwa mwongozo wa usahihishaji, kwa ukali. Kisha weka daftari la makosa, na kwa kila kosa andika aina yake: sikujua, nilijua nikaandika vibaya, au nilisoma swali vibaya. Aina hizo tatu zina dawa tofauti. Ya kwanza inarudi kwenye swali la 5, ya pili kwenye la 14, ya tatu inahitaji upige mstari chini ya maneno ya swali.

20. Nikeshe usiku wa mwisho?

Hapana. Usingizi ndio unaoimarisha ulichosoma, na karatasi ya baiolojia inadai kufikiri. Pitia daftari la makosa, lala.

## Hali za pekee

21. Shule yetu haina maabara ya maana. Nimepotea?

Hujapotea. Osmosisi unaifanya kwa viazi, chumvi na mizani ndogo. Kimeng'enya katalesi kimo kwenye kiazi kibichi: dondoshea haidrojeni peroksaidi hafifu ya duka la dawa, uone povu, kisha ujaribu na kiazi kilichochemshwa. Kinga macho yako, na usiguse peroksaidi kali. Kwa majaribio mengine, chukua jedwali la matokeo kwenye mtihani uliopita, funika maelezo, uandike mwenyewe jaribio lililoyazaa.

22. Mtihani uko kwa lugha nyingine, lakini nafikiri kwa Kiswahili. Nifanyeje?

Fikiri kwa Kiswahili bila aibu. Jieleze mchakato mzima kwa Kiswahili mpaka uelewe kwa nini unakwenda hivyo, halafu uandike kwa lugha ya mtihani siku hiyohiyo. Ukianza na lugha ya mtihani kabla ya kuelewa, utakariri sauti za maneno. Ila istilahi jifunze kwa tahajia ya mtihani, herufi kwa herufi, hasa majina yanayokaribiana.

23. Nimebakiwa na wiki tatu na sijaanza. Niokoe nini?

Fanya kwanza karatasi moja nzima, hata ukipata alama ndogo, ili ujue unapovuja. Kisha shika utando na vimeng'enya, DNA hadi protini, urithi, na ujuzi wa grafu na majaribio, kwa kuwa haya hujitokeza ndani ya mada nyingine. Acha majina ya nadra. Kila siku: mada moja kwa karatasi tupu, maswali yake jioni.

24. Narudia mtihani. Nisome kila kitu upya?

Usianze ukurasa wa kwanza, maana utatumia miezi kwenye unayoyajua. Kama unaweza kuipata karatasi yako iliyosahihishwa au mchanganuo wa alama, anzia hapo. Kama huwezi, fanya karatasi mbili zilizopita na uzipange kama ilivyo kwenye swali la 19. Wengi wanaorudia hukuta kwamba safu ya "nilijua nikaandika vibaya" ndiyo ndefu zaidi. Ikiwa ndivyo ilivyo kwako, kazi yako ya miezi ijayo ni kuandika majibu ya alama 3 na 4, matano kila siku, ukiyalinganisha na mwongozo hoja kwa hoja.